Pampu-probu au 2D? Msimamizi anataka jibu Ijumaa

Kijana_wa_Leza: Wakuu, niko Ujerumani, PhD mwaka wa kwanza. Nijenge pampu-probu ya kawaida (mpigo mmoja wa leza unaamsha sampuli, wa pili unaipima) au spektroskopia ya 2D (ramani ya rangi ya kuamsha dhidi ya rangi ya kupima)? Natafuta mambo ya kwanta kwenye usanisinuru.

Femto_Mzee: Sampuli gani? Mpigo wa leza fs (femtosekunde) ngapi? Joto la chumbani au 77 K (baridi ya nitrojeni kimiminika)? Unauliza nauli hujasema unakokwenda.

DadaKlorofili: 2D, usisite. Pampu-probu inakuambia nishati imehama. 2D inakuonyesha imetoka pigmenti ipi ikaingia ipi, doa unaliona nje ya mshazari wa ramani. Ndivyo kundi la Berkeley lilivyoipa umaarufu FMO (protini ya bakteria inayopitisha nishati ya mwanga) mwaka 2007.

Femto_Mzee: Na hiyo 2007 imeponza wengi. Kohirensi (hali za kwanta kuyumba kwa mpangilio mmoja) ya 660 fs, kwenye 77 K! Mwaka 2017 watu wa Hamburg wakapima FMO ileile kwenye joto la kawaida: kohirensi ya kielektroni inakufa ndani ya 60 fs. Nishati yenyewe inasafiri kwa pikosekunde (moja ni fs 1000). Mawimbi yanayodumu ni mitetemo ya molekuli.

DadaKlorofili: Kila uzi lazima ulete 60 fs. Mitetemo nayo si kwanta, mzee?

Chumba_Cha_Giza: Mimi niliungua. Wiki tatu nalala maabara, ishara inayumba vizuri kabisa, nimeshawaambia mpaka nyumbani. Siku moja nikaweka kiyeyusho kitupu, bila protini. Ikayumba vilevile! Kurudi kwenye 77 K, gliseroli iliyoganda ikapasuka ndani ya kraiostati (chombo cha baridi kali), ramani nzima ikajaa mwanga uliotawanyika. Anza na pampu-probu, na kiyeyusho kitupu kipime siku ya kwanza.

Kijana_wa_Leza: Samahani wakuu. Sampuli ni LHCII (protini ya mimea inayokusanya mwanga) ya mchicha, joto la chumbani, mpigo 100 fs.

Femto_Mzee: 100 fs unatafuta cha 60? Kwanza fupisha mpigo, habari za 2D baadaye.

Bustani_ya_Nyuma: Mchicha au spinachi? Mchicha wetu ni C4, spinachi ni C3 (njia mbili tofauti za mmea kunasa kaboni).

Kijana_wa_Leza: Lile jani nene la supamaketi.

Bustani_ya_Nyuma: Basi hiyo ni spinachi.

DadaKlorofili: LHCII ipo kote kote, acheni kumchanganya mtoto wa watu.

Chumba_Cha_Giza: Hivi huko Ujerumani mchicha wenyewe mnaupata wapi?

Bustani_ya_Nyuma: Duka la Waafrika, Jumamosi, uwahi kabla ya saa nne.