Wauza mbao na mafundi wa Dar, baraza la nje mtalijenga kwa mbao mbichi mpaka lini?

Wakuu, salamu nitatoa siku nyingine. Leo nina hasira na wauza mbao na mafundi wa mji huu, na kama upo humu na unajijua, soma mpaka mwisho ndiyo uje ujitetee.

Nyumba yangu ipo Kigamboni, karibu na bahari, upepo wa chumvi haupumziki. Nyuma nilitaka baraza la mbao, futi 12 kwa 20, limeinuliwa kidogo kutoka chini, watu wakae jioni. Paini ya dawa nililetewa nikaikataa. Nilitaka mbao ngumu, nilipe mara moja, nisahau. Yadi wakaniapia: "Huu mkongo mtupu dada, mkavu, mchwa akiusikia harufu anahama mtaa." Bei wakanitoza ya mkongo. Fundi waliyeniunganishia wao wenyewe akaja na randa yake na maneno matamu, akamaliza kazi, majirani wakaja kupiga picha.

Jua la Januari na Februari likafanya yake. Mbao zilizokuwa zimebanana zikaachiana, penginepo kalamu inapita. Kisha zikaanza kukunja kingo kwenda juu. Masika yalipoingia kila ubao ukawa sahani, maji yanalala katikati mpaka kesho yake. Ukipita pekupeku unajikwaa. Na usiku ndiyo raha yenyewe: unasikia "ta!", kichwa cha skrubu kimeruka. Asubuhi unaviokota. Nimevijaza kwenye kikopo cha blueband, atakayetaka ushahidi aje avihesabu mwenyewe.

Nikampigia fundi. "Dada, mbao ni kitu hai, lazima icheze." Nikamuuliza icheze mpaka ing'oe skrubu? Akanyamaza kidogo, halafu: "Mzee yupo? Nimwelekeze yeye, ataelewa." Mzee! Hela nimetoa mimi, meseji zote za makubaliano ni zangu, ila ubovu wa kazi aelezwe mume wangu, mtu ambaye hata nyundo ya humu ndani hajui inakaa wapi.

Haya, mbao inacheza. Inacheza kiasi gani na kwa nini, si ndiyo kazi ya fundi kujua kabla hajapokea advansi? Mti ukitoka msumenoni umejaa maji. Hausinyai kitu mpaka unyevu ushuke chini ya asilimia 30 hivi, na kuanzia hapo kila maji yanavyotoka ndivyo ubao unavyopungua upana. Kwa urefu haupungui cha maana, ni upana. Tena uliochanwa ubavuni mwa gogo unasinyaa karibu mara mbili ya uliochanwa kuelekea kiini. Kwa hali ya hewa yetu ya pwani ubao wa nje unakuja kutulia kwenye asilimia 15 hivi. Sasa wewe unaupigilia ukiwa mbichi, juu unapigwa na jua, chini kuna unyevunyevu wa udongo, unategemea nini? Upande wa juu unakauka kwanza, unajivuta, kingo zinanyanyuka. Wala hapo hakuna cha kitu hai.

Na "kavu" ya yadi zetu ni ipi? Mbao zimeegemezwa ukutani barabarani wiki mbili, juu zimekuwa nyeupe kwa vumbi, basi kavu. Ubao wa inchi mbili ukikauka ngozi tu, ndani bado unalia maji. Kukausha ni kupanga mbao kivulini, kuweka vijiti kati ya safu na safu ili hewa ipite, ncha zimepakwa nta au rangi zisipasuke, na kusubiri miezi. Au tanuri. Kuna kifaa kidogo cha kupima unyevu, kinaingia mfukoni, unakigusisha kwenye ubao kinakupa namba. Nimezunguka yadi nyingi tangu haya yanikute, nauliza kama wanacho. Mmoja alinicheka mbele ya vibarua wake.

Halafu kuna hili la mkongo. Mkongo halisi unasifika kwa kutulia. Milango mingi ya kale kule Lamu imechongwa kwa mti huu huu, wao wanauita mbambakofi, na ipo hapo inapigwa na jua na chumvi miaka nenda rudi. Sasa mbona wangu umekuwa mcheza ngoma? Nikaita fundi mwingine, mzee wa makamo, hana maneno mengi. Akakata ncha ya ubao mmoja kwa msumeno, akanipa kipande mkononi. Rangi ya kahawia iliyonipendeza ilikuwa ya kupakwa, juu tu, unene wa ukucha. Chini yake weupe. Akakata mwingine: nusu mkongo kweli, nusu weupe wa pembeni ya gogo, ule unaopakana na gome. Wa tatu hakuweza hata kuutaja ni mti gani, akasema huenda mtondoro, akaurusha pembeni.

Ule weupe ndiyo chakula cha mchwa na wadudu wa unga, hata uwe wa mti wa kifalme. Ugumu na uimara upo kwenye kiini, na kiini kinataka mti uliokomaa. Ndiyo maana hata mnaokimbilia mtiki msidhani mmepona. Mtiki wa mashamba ya Longuza au Mtibwa ukiwa umekomaa ni mali. Ule uliovunwa ungali mchanga wakati wa kupunguza miti shambani ni weupe mtupu na kiini kiduchu katikati, na dukani unauzwa kwa jina lile lile.

Mtaniambia nidai hati. Hati ninayo. TFS, wakala wa misitu wa serikali, wanakagua, nyundo ya alama imegongwa kwenye mbao, ushuru umelipwa, sawa kabisa. Hakuna nyundo inayogongwa kuonyesha mbao ni mbichi au imepakwa rangi.

Nije kwenye skrubu. Alinifungia baraza zima kwa zile nyeusi za jipsamu. Za dari! Nje, Kigamboni, kwenye mbao ngumu, bila kutoboa tundu kwanza. Zile ni ngumu lakini hazina mnyumbuko, ubao ukijivuta zinakatika shingo. Zilizosalia zimeota kutu, na kila moja imezungukwa na duara jeusi kama wino, maana chuma kikikutana na maji na tanini, ile asidi ya asili iliyomo kwenye mbao ngumu, kinatoa rangi hiyo. Nilidhani ni ukungu, nikasugua mpaka mikono ikaniuma. Kumbe yanatoka kwa asidi ya oksaliki, unachanganya kwenye maji, unapaka ukiwa na glavu, unasuuza vizuri. Lakini ukiiacha skrubu ile ile pale, masika ijayo duara linarudi. Kinachotakiwa ni chuma cha pua, na ukiwa jirani na bahari daraja la 316, linalostahimili chumvi zaidi, na siyo 304. Ghali, najua. Ningeambiwa ningelipa, si niliulizwa bajeti nikasema fanya kitu cha kudumu?

Sasa sikieni tiba ya fundi wangu wa kwanza. Baada ya kupigiwa simu mpaka akachoka, alikuja siku nipo kazini, na dumu. Nikarudi jioni nakuta baraza linang'aa jeusi, harufu ya gereji. Oili chafu! Kalipaka baraza zima oili iliyotolewa kwenye magari, "inazuia mchwa, dada, na inajaza nyufa." Kwenye nguzo ya boma la ng'ombe sina ugomvi nayo. Hapa wanatembea watoto. Nyayo nyeusi zikaingia sebuleni, kwenye vigae, kwenye kochi, mtoto mdogo anayetambaa akawa na magoti kama fundi magari. Oili ile ina mabaki ya metali na uchafu wa injini, na mvua ikinyesha inashuka kwenye udongo, na mimi kisima changu kipo hapo hapo uani. Nani ananilipa hilo?

Na kabla hujaandika "dada si upake vanishi tu", vanishi ya milango ya ndani haifai nje. Inakaa juu kama ngozi, jua linaipasua, maji yanapenya chini yake, inabanduka magamba, halafu kazi yako inakuwa kupiga msasa kila mwaka. Baraza la nje linapakwa mafuta yanayozama ndani, yale ya mbao za nje yenye kinga ya jua, na yanarudiwa kila baada ya miezi sita au mwaka kadiri jua linavyopiga. Matambara uliyopakia mafuta ya kitani (linseed) au yoyote yanayokauka kwa hewa usiyakunje ukayatupa kwenye ndoo, yanaweza kujiwasha moto yenyewe. Yatandaze nje yakauke. Ukiona mbao imegeuka kijivu haijaoza, ni jua limechoma ngozi ya juu na mvua imeiosha. Mimi kijivu nakipenda, kwa kweli. Kilichonikera ni kupinda, kukatika na kudanganywa.

Fundi mzee amefumua karibu lote. Tumekuta hata fremu ya chini ililazwa juu ya udongo, haikuwekwa juu ya vitako vya zege, na hewa haipiti, mchwa walishapanda pembe moja. Mihimili ya kubebea mbao kaiweka karibu futi tatu tatu, wakati kwa ubao wa inchi moja ilipaswa kuwa inchi 16 hivi. Mbao zenye kiini kamili tumezitenga, zimepangwa kivulini na vijiti, zikauke kweli safari hii. Zikirudi zitaachiana milimita tano, zitatobolewa kwanza, ndiyo zifungwe.

Yadi wamenijibu kwamba mali ikishatoka getini hairudi, imeandikwa kwenye risiti kwa herufi za kutafuta kwa miwani. Fundi wa kwanza jana katuma meseji anaulizia laki mbili yake iliyobaki. Nimempigia picha kile kikopo cha vichwa vya skrubu nikamtumia.

Ninachotaka kwenu: mwenye kujua yadi ya Dar, Pwani au hata Tanga wanaopima unyevu mbele ya mteja, ataje ilipo. Na anayeuza skrubu za 316, inchi mbili na nusu, aweke bei ya boksi hapa hapa kila mtu aione, siyo "njoo inboksi".