Mliowahi kuvua Mtera kwenye visiki, tupeane uzoefu

Perege Mkavu: Wadau habari za jioni. Leo nimenunua samaki wakavu Mabibo, mama watoto anawaosha akakuta kambare mmoja bado ana ndoano shavuni na kipande cha mshipi, aisee nikakumbuka Mtera mwisho wa kipupwe. Waliopita barabara ya Iringa–Dodoma wanaijua ile miti mikavu imesimama majini, iliachwa vilevile bwawa lilipojaa. Mimi nilikuwa naacha ndoano tano sita kwa siku kwenye visiki. Tupeane uzoefu, nyie mlikuwa mnafanyaje?

Chubwi: Ndoano nyembamba mkuu. Ikinasa unavuta taratibu inanyooka yenyewe, unaikunja upya kwa koleo.

Mama Tausi: Inanyooka hata kwa kambare mkubwa, anaondoka na chakula cha watoto. Nunua nene, kubali hasara.

Binti wa Pawaga: Ndoano mtapata nyingine. Mimi nimesoma hapo kwenye visiki mikono imeanza kutetemeka, ngoja niandike tu.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mjomba wangu alikuwa anavulia upande wa Migoli na kijana wake wa mtumbwi akaumwa, nikaenda kumsaidia kutega. Ilikuwa Agosti. Mjini mnajua jua tu, kule jioni upepo unakata na maji ndo yanazidi kushuka. Tukachelewa, giza likaingia, mjomba anapiga kasia njia ileile anayopita tangu Mei. Sasa kisiki ambacho mwezi wa tano unakipita juu kabisa hata hujui kipo, Agosti kiko shibiri moja tu chini ya maji na hukioni. Mtumbwi ukapanda juu yake, ukainama, ubao ukaachia, tukawa majini wote wawili. Mimi nikakumbatia mti, mjomba akapata mwingine mbali kidogo, simuoni ila namsikia. Usiku mzima anaita "mjomba, itika!" na mimi naitika, nikichelewa kidogo anaita kwa sauti ya kulia. Sijawahi kumsikia analia kabla ya hapo. Nilipanda tawi nitoke kwenye maji, likakatika, nikapanda lingine likakatika. Mwisho nikavua kanga nikajifunga nayo kwenye shina kwa sababu vidole vilikuwa havishiki tena. Alfajiri wavuvi wa nyavu ndo wametukuta. Kijana mmoja akanivalisha koti lake na yeye akabaki na singlendi, mpaka leo simjui jina.

Mdau wa Mbagala: Dah. Pole sana dada.

Chubwi: Pole. Mamba mliwaona?

Binti wa Pawaga: Sikuona kitu. Nilikuwa nasikia maji yanachezacheza, sikutaka kujua ni nini.

Fundi Mstaafu: Binti pole sana, na wengine wasikie hapa. Mti uliozama muda wote hauozi haraka kwa sababu haupati hewa. Inayooza ni ile sehemu inayolowa na kukauka kila mwaka. Mtera ikijaa ni mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na ya mwisho ya kuendeshea mitambo ni mita 690, sasa hesabu urefu wa mti unaolowa na kukauka hapo katikati. Matawi ya juu usiyaamini kabisa, kumbatia shina.

Kijana wa Tandika: Si wangeikata yote kabla ya kujaza maji? Umeme mmepata, watu wanazama.

Fundi Mstaafu: Kijana, lile bwawa lilijengwa miaka ya 70 kuhifadhi maji ya mitambo ya umeme ya Kidatu, mitambo ya Mtera yenyewe, megawati 80, ikaja 1988. Na bila ile miti perege wangejificha wapi?

Kijana wa Tandika: Kwa hiyo dada akumbatie mti usiku kucha ili perege wajifiche?

Mama Tausi: Mzee hajasema hivyo. Mimi nimesomesha wanangu watatu kwa kambare waliolala chini ya hivyo visiki. Ukitega maji matupu unarudi na chambo chako. Ila kweli, njia tu zingesafishwa.

Perege Mkavu: Wakuu turudi kwenye ndoano jamani. Chambo mlikuwa mnatumia nini? Mimi utumbo wa kuku.

Chubwi: Kipande cha sabuni ya mche. Kambare anaifuata, na perege wadogo hawaimalizi.

Mama Tausi: Sabuni! Na hao samaki tunakula sisi?

Mdau wa Mbagala: Bwawa la Nyumba ya Mungu pia nimeona wanatumia sabuni.

Mtu wa Kimara: Mdogo wangu anaondoka Ijumaa na basi la Mbezi kwenda kuvua hukohuko, hajawahi. Nimesoma hapa nimeogopa. Nimwambie nini?

Chubwi: Awahi kurudi, saa kumi jioni awe nchi kavu.

Fundi Mstaafu: Awe na laifujaketi, na ivaliwe, isikaliwe kama mto.

Mama Tausi: Abebe pondo ndefu, apapase mbele kabla ya kupita. Na awe na nguo kavu kwenye ndoo yenye mfuniko.

Mtu wa Kimara: Asanteni. Dada wa Pawaga, mjomba bado anavua?

Binti wa Pawaga: Anavua. Ila tangu siku ile kila kiangazi anafunga vipande vya kitambaa chekundu kwenye visiki vinavyoanza kutokeza. Mdogo wako akiviona apite mbali navyo.