Mark X X120 na X130: kuna hatua hapo au tumebadilishiwa sura tu? Niko Tabora

Mtoto wa Isevya

Wakuu, mwangaluka. Naomba ushauri wa wenye uzoefu, siyo wa waliosoma matangazo ya wauzaji.

Nina Toyota Mark X ya kizazi cha kwanza, X120, 250G (ndiyo ya lita 2.5), namba ya usajili D. Injini 4GR-FSE, V6 ya lita 2.5. Gari zima, halidai kitu, na hapa mjini limezoeleka mpaka trafiki wananipungia mkono. Kazi yangu ni asali na nta. Sikonge ndiyo shambani kwangu, Urambo naenda, na mzigo wa sampuli ukipata mteja napandisha Dodoma kwa Itigi au nazungukia Nzega na Singida. Kwa hiyo lami ndefu naijua, na mchanga wa mitaa yetu naujua pia.

Sasa kuna jamaa ana X130, kizazi cha pili, nayo 250G, namba E, nyeupe ya lulu, ndani imetulia. Anataka tubadilishane nimwongezee pesa, na nyongeza yenyewe si ya kitoto. Nimekaa ndani nikaona dashibodi ni nyingine kabisa, viti vinakupokea, kelele za nje huzisikii. Lakini nilipokanyaga, moyo haukuruka. Nilitegemea linishtue, likanibembeleza.

Swali langu: kwa mtu anayependa gari likiguswa liitike, X130 imeizidi X120, au nalipia sura? Na hiyo sura yenyewe sijaikubali bado. Zile taa za X120 nani atazirudisha? Nawasilisha.

Sekenke

Moyo haukuruka kwa sababu farasi wamepunguzwa, mkuu. X120 ya lita 2.5 ilitoka kiwandani na nguvu farasi 215. Walipoleta X130 Oktoba 2009, injini ileile ya 4GR-FSE ikashushwa hadi 203. Nguvu ya kuvuta nayo ikatoka Nm 260 ikabaki 243. Kwa hiyo huyo ndugu anakuomba umpe pesa ili akupunguzie farasi 12. Biashara ya namna hiyo sijawahi kuiona hata minadani.

Baki na chuma chako.

Fundi wa Kiloleni

Sekenke kasema kweli, ila kaikata nusu.

Farasi hawakupotea kwa bahati mbaya. X120 ilipangiwa petroli ya daraja la juu ya Japani, ile wanayoiita haioku, okteni 96 kwenda mbele. X130 ya lita 2.5 ikapangwa upya inywe petroli ya kawaida ya kwao, ambayo okteni yake inaanzia 89, ili mwenye gari apumue kwenye sheli. Ndiyo bei ya kutoka 215 kuja 203.

Sasa jiulize, wewe hapa Tabora haioku unaijaza sheli gani? Injini ya X120 ikihisi petroli haijafika kiwango ilichozoea, sensa inayosikia injini ikigonga inarudisha nyuma muda wa cheche ili isijiumize. Yaani hata hao 215 unaojivunia si lazima uwe nao wote asubuhi unapotoka Isevya. Tofauti ya kwenye karatasi na tofauti ya barabarani ni vitu viwili.

Tukija chini ya gari, hawa ni ndugu. Msingi mmoja ambao Toyota imeutumia pia kwenye Crown za rika hilo. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni milimita 2850 kwa zote mbili. Upana umeongezeka milimita 20 tu, kutoka 1775 hadi 1795. Mbele mikono miwili, ya juu na ya chini, nyuma mikono mingi, kama zamani. Ukinunua bushi au boli joint bado nenda na namba ya chesisi, usiende na jina la gari, ndugu hawavai viatu vya saizi moja. Na tumbo liko chini vilevile. Anayekwambia X130 imenyanyuka hajawahi kuipitisha kwenye korongo la mvua.

Kwa hiyo kwa lita 2.5 mimi sisemi imepanda wala imeshuka. Imetulizwa.

Dada wa Ipuli

Wanaume mkikutana kwenye uzi wa magari mnahesabu farasi kama wa kwenu.

Mimi nimeendesha zote mbili, X120 ilikuwa ya mume wangu, sasa natumia X130. Kaka Mtoto wa Isevya, usiipime kwa kukanyaga kutoka Isevya hadi stendi. Ipeleke safari. Ukitoka hapa alfajiri kwenda Dar, X120 inakufikisha umechangamka kweli, lakini masikio yanavuma. X130 unashuka unasalimia watu. Usukani umetulia mkononi, upepo wa malori ya Singida haukuyumbishi sana, mtoto nyuma kalala tangu Itigi.

Hayo maendeleo hayana namba ya farasi lakini nayalipia kwa roho safi. Na mwendo tusidanganyane, kila kijiji ni 50, tochi iko nyuma ya mwembe, kosa moja 30,000. Hao 12 waliopungua ungewakimbizia wapi?

Ila mchanga wa huku kwetu Ipuli ukizidi, bampa ya mbele inazoa kama koleo. Hilo silifichi.

Sekenke

Dada, heshima yako, lakini aliyeuliza anataka gari *liitike*. Ukimya hata Crown inao. Mark X ilizaliwa 2004 kuchukua nafasi ya Mark II, na Mark II tunaijua, ilikuwa gari la kijana aliyevaa suti ya babake. X120 ilibaki na ule ujana. X130 suti imemkaa, kijana kazeeka.

Mzee wa Tumbaku

Mnabishana juu ya lita 2.5 wakati hatua yenyewe iko kwingine.

Kwenye X120 kaka mkubwa alikuwa lita 3.0, injini 3GR-FSE, farasi 256. Kwenye X130 wakaiondoa wakaweka lita 3.5, 2GR-FSE, farasi 318 na Nm 380. Hapo hakuna mjadala wa kubembelezwa. Ukiwa nyuma ya lori mlima Sekenke (naongelea mlima, siyo huyu bwana), unagusa tu, unalipita, unarudi upande wako kabla dereva wa lori hajakuona vizuri. Wakati watu wanaangalia 250 mbili, nyingine ya zamani nyingine mpya, wanalinganisha pale ambapo Toyota haikuwa na nia ya kuongeza nguvu. Nia yake ilikuwa kwenye 350S, hiyo ya lita 3.5.

Halafu kuna watu wanaogopa 3.5 kwa ajili ya ushuru. Ushuru wa bidhaa wa TRA kwa ukubwa wa injini, ukishavuka cc 2000 ni asilimia 10, uwe na 2500 au 3500. Daraja ni moja. Kinachokuumiza ni thamani ya gari lenyewe, na umri.

Fundi wa Kiloleni

Mzee kagusa pale nilipotaka kufika.

Injini ya 4GR-FSE, kwenye X120 na X130 zote, inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Zuri kwa nguvu na kwa mafuta, lakini valvu za kuingiza hewa hazipati petroli ya kuzisafisha. Mvuke wa oili unaorudishwa kwenye mfumo wa hewa unazigandia, mwaka baada ya mwaka, masizi yanajenga. Dalili: asubuhi gari linamisi, likiwa limesimama linanguruma linatetemeka, kisha taa ya injini. Wengi wanakimbilia plagi na koili, wanabadilisha zote sita, hali iko palepale. Marekani, Lexus IS250 yenye injini hiihii ilizungumzwa sana kwa masizi hayo mpaka Toyota ikaongeza muda wa kuwahudumia wateja.

Sasa 2GR-FSE ya 3.5 ina nozeli mbili kwa kila silinda. Moja inapuliza ndani, nyingine inapuliza kwenye njia ya hewa nyuma ya valvu, kwa hiyo valvu zinaoga. Kwangu mimi fundi hiyo ndiyo tofauti kubwa ya kizazi hadi kizazi, kuliko farasi.

Kwa hiyo ukiacha 250 yako ukachukua 250 ya huyo jamaa, umehama nyumba ukabeba na kunguni. Ugonjwa ni uleule, na wa kwake hujui umefika wapi.

Mtoto wa Isevya

Fundi, hapo umenishika. Yangu ilisafishwa valvu kwa fundi mmoja wa hapa na tangu hapo inawaka kwa mguso mmoja. Ya jamaa sijui historia yake, kwa kweli hata sikuuliza zaidi ya kuona kilomita kwenye dashibodi.

Mzee, 350S wese inakuwaje? Na kuna mtu kaniambia nitafute 250G Four kwa ajili ya mchanga.

Mwisho wa Reli

Nasalimia kutoka Kigoma. Four ninayo mimi, X130.

Huku kwetu ni milima, ukitoka Mwanga tu umeanza kupanda, na barabara za ndani Kasulu masika udongo mwekundu unateleza kama sabuni. Four inanisaidia hapo, magurudumu yote manne yanavuta. Na kama unalinganisha vizazi, Four ndiyo 2.5 pekee ambayo nitakwambia imepanda bila kigugumizi: X120 Four ilikuwa na giaboksi ya gia 5, X130 Four ikapewa gia 6 kama wenzake wa kuvuta nyuma.

Lakini usije ukadhani ni Prado. Four haijanyanyua tumbo kukuvusha mchanga mzito. Kwenye tifutifu unachokihitaji ni urefu na akili ya kupunguza upepo wa tairi. Na vitu vya mbele vimeongezeka, ekseli na raba zake, spea kuzipata Kigoma mpaka uagize Dar. Kwa safari zako za lami na Sikonge ambako lami imefika, nisingekushauri.

Mzee wa Tumbaku

Wese la 350S linategemea mguu. Ukitambaa nayo safari ndefu gia ya 6, utashangaa haijaachana sana na 2.5, kwa sababu haihangaiki. Ukiichezea mjini, utaitafuta sheli kila siku. Cha kukuogofya ni tairi: rimu za inchi 18, mpira mwembamba. Shimo moja la Nzega na rimu inaenda kunyooshwa.

Bandari Kavu

Nashughulika na uagizaji, naongeza moja tu ambalo wote mmelipita.

Namba E haikwambii gari limetengenezwa lini. Inakwambia limesajiliwa lini Tanzania. X130 ya 2010 inaweza kuvaa namba E, na watu wanauziwa hivyo kila siku, "namba E hiyo bosi, mpya". Angalia kadi ya usajili, angalia mwaka wa kutengenezwa. X130 imefanyiwa marekebisho ya sura 2012 na 2016, uzalishaji ukafungwa 2019, kwa hiyo ndani ya jina moja kuna umri wa miaka kumi. Ya 2016 kwenda juu inakuja na mifumo ya usalama ambayo ya 2010 haina.

Ukiamua kuagiza mwenyewe, kumbuka gari lililozidi miaka 10 linabeba ushuru wa uchakavu asilimia 30, la kati ya 8 na 10 ni 15. Fungua kikokotoo cha TRA, weka modeli na mwaka, kabla hujaongea bei na mtu yeyote.

Mtoto wa Isevya

Nimerudi, wakuu. Nimeomba kadi. Ni ya 2010. Nimemwomba pia aiwashe asubuhi ikiwa baridi, akasema nije saa tano akishatoka kuipeleka kazini. Nimeaga kistaarabu.

Nimeelewa hivi: 250 kwa 250 sibadilishi. Nitaendesha hii, na mauzo ya asali yakikaa vizuri natafuta 350S ya baada ya 2012, rimu nitashusha hadi inchi 17 kama breki zitaruhusu. Fundi, zitaruhusu?

Fundi wa Kiloleni

Breki za 350S mbele ni kubwa kuliko zako. Usinunue rimu kwa kuambiwa. Njoo na rimu moja ya kuazima, tuivalishe, tuizungushe kwa mkono, ikigusa kalipa tumejua.

Dada wa Ipuli

Kaka, ukiipata usiseme hukubembelezwa. Hiyo 350S nayo ina viti vizuri.

Sekenke

Siku ukipata 350S, hiyo X120 usiitangaze popote. Mimi wa kwanza. Tuma picha za chini ya gari, za dashibodi baki nazo.