Naomba ushauri: daftari la wachumaji karafuu kwa PHP na MySQL

Assalaam alaykum ndugu zangu. Niko Wete, Pemba, natengeneza programu ndogo ya wavuti kwa shamba la ami yangu, kwa PHP (lugha ya programu) na MySQL (hifadhidata). Wachumaji hulipwa kwa pishi, na daftari la karatasi linaleta ubishi kila jioni. Sitaki mtu adhulumiwe hata kibaba.

Nina majedwali mawili, wachumaji na mavuno, yameunganishwa kwa namba ya mchumaji. Pishi ni vibaba vinne, kwa hiyo nahifadhi vibaba kwa namba kamili, desimali nimeziacha. Bei naiandika kwenye kila mstari wa jedwali la mavuno, ili ikipanda katikati ya msimu malipo ya nyuma yasiguswe. Mnaonaje?

Linalonikosesha usingizi ni fomu. Nikijaza makazi "Ng'ombeni", ile ritifaa (') inakata amri ya SQL, lugha ya kuiamuru hifadhidata, na ukurasa unagoma. Maana yake mwenye nia mbaya naye anaweza kupenyeza amri zake humo. Nahamia PDO, njia ya PHP ya kuongea na hifadhidata, thamani zipite kando ya amri: prepare iandae amri kwanza, kisha execute ipeleke thamani. Inatosha, au kuna jengine?

Na kwa kuwa shambani hakuna intaneti, laptopu ni moja tu: nibaki na MySQL au SQLite, hifadhidata yenye faili moja la kunakili kwenye fleshi, ni bora zaidi?