Kukunja goti, kuinua mkono na kuchuchumaa: naomba ufafanuzi wa istilahi za biomekanika

Msomaji Mpya

Ndugu zangu, nimeanza kusoma biomekanika, yaani elimu ya mwendo wa mwili na nguvu zinazouendesha, na tayari nimekwama kwenye istilahi za mwanzo. Naelewa kwamba kukunja ni kupunguza pembe baina ya mifupa miwili na kunyoosha ni kuiongeza, lakini kuna mambo matatu yananitatiza. Kiwiko kikikunjwa kigasha huja mbele, ilhali goti likikunjwa muundi huenda nyuma. Iweje yote mawili yaitwe kukunja? Pili, nikilala chali na kuelekeza mkono darini, je, nimeupeleka juu au mbele? Tatu, nasoma kwamba misuli inayokunja goti iko nyuma ya paja, lakini nikichuchumaa polepole inayochoka ni ya mbele.

Mhimili

Nianze na swali la pili, kwa sababu ndilo linalobeba mengine. Maneno ya mwelekeo hufuata mwili wenyewe, na mwili huo huchukuliwa daima kana kwamba umesimama katika mkao wa kianatomia: uso unatazama mbele, mikono imening'inia kando, viganja vimeelekezwa mbele. Kwa hiyo "juu" ni upande wa kichwa hata mtu akiwa amesimama kwa mikono, na mkono wako uliouelekeza darini umekwenda mbele; bega limekunjwa kwa takriban nyuzi 90. Angalia pia kwamba katika mkao huo kidole gumba kiko upande wa nje, mbali na mstari wa kati wa mwili, jambo linalowachanganya wengi wanaotazama mikono yao ikiwa imepumzika.

Baada ya hapo ndipo yanakuja mabapa matatu ya kufikirika: linalotenga kushoto na kulia, linalotenga mbele na nyuma, na linalotenga sehemu ya juu na ya chini. Kukunja na kunyoosha kwa kawaida huelezwa katika bapa la kwanza, kutanua mguu kando katika la pili, na kugeuza shingo katika la tatu. Mabapa ni chombo cha maelezo tu, kwani hata hatua ya kawaida ya kutembea hugusa yote matatu.

Kano na Mfupa

Jibu la goti liko tumboni mwa mama. Katika wiki za mwanzo za ukuaji, mikono ya kiinitete huzunguka kuelekea nje na miguu huzunguka kuelekea ndani, na ndiyo sababu ncha ya kiwiko hutazama nyuma, ilhali kifupa cha mbele ya goti hutazama mbele. Upande unaokunjika ni ule ule kimsingi. Uliobadilika ni mwelekeo wake.

Ningekushauri pia usiitegemee sana ile kanuni ya pembe unapofika begani. Mkono ukiinuliwa kwa kupitia mbele hadi juu ya kichwa, pembe kati yake na kiwiliwili huongezeka, na bado mwendo huo huitwa kukunja bega.

Mkufunzi

Kuhusu kuchuchumaa, jina la mwendo linaeleza kiungo kimefanya nini, wala halitaji msuli uliofanya kazi. Unaposhuka, mvutano wa dunia ndio unaokunja goti, nayo misuli ya mbele ya paja hurefuka huku imekaza ili usianguke ghafla. Huo ni mkazo wa ekisentriki. Unapoinuka, misuli hiyo hiyo hufupika, yaani mkazo wa konsentriki, na ukitulia katikati bila kusogea ni mkazo wa isometriki. Sasa lala kifudifudi uinue kisigino kuelekea makalio: goti linakunjwa vilevile, lakini safari hii misuli ya nyuma ya paja ndiyo inayovuta.

Msomaji Mpya

Nashukuru sana. Je, ni hivyo hivyo ninapoteremsha uzito mkononi kwa kunyoosha kiwiko taratibu?

Mkufunzi

Naam, msuli wa mbele ya mkono wa juu hurefuka ukiwa umekaza. Hapo ongeza dhana ya wenzo, yaani mfupa unaozunguka kwenye kiungo kama fimbo kwenye egemeo, maana bila hiyo utaudharau mzigo wanaobeba misuli. Tuchukue kiwiko kilichokunjwa kwa nyuzi 90, na kilo 5 mkononi, yaani takriban nyutoni 50, umbali wa sentimita 35 kutoka kwenye egemeo, yaani kiwiko. Msuli umejishikiza takriban sentimita 5 tu kutoka hapo, kwa hiyo ili kuutuliza mzigo unahitaji kuvuta kwa nyutoni 350 hivi, bila kuhesabu uzito wa kigasha chenyewe. Faida yake ni mwendo: kwa vipimo hivyo, kila sentimita moja ambayo msuli unafupika, kiganja husogea takriban sentimita 7.