Miezi mitatu kwa mchumba Ubelgiji: prise en charge yake, au makuta (pesa) yangu mwenyewe?

Fundi_Kamalondo (Lubumbashi, Kongo)

Jambo bandugu. Mchumba wangu yuko Liège, ana uraia wa Ubelgiji na anafanya kazi kwa mkataba wa kudumu. Tunataka niende nikae naye siku zote 90 ambazo viza ya Schengen (viza moja ya nchi nyingi za Ulaya) inaruhusu, tujuane vizuri kabla wazee hawajaanza kuulizana habari za mahari. Mimi nina atelye ya kushona hapa Kamalondo, karatasi za biashara ziko sawa, na nina konti ya dola. Lakini kusema kweli konti hiyo hailali na kitu, kwa sababu makuta ya atelye yanazunguka: wiki hii vitenge, wiki ijayo mishahara ya wasichana, halafu cherehani inaharibika.

Nimepewa mashauri matatu. La kwanza, mchumba ajaze prise en charge, yaani ahadi ya maandishi kwamba atanigharimia. La pili, nijikaze nionyeshe makuta yangu. La tatu, ambalo shoga yangu analisifu sana: mchumba anitumie kama dola elfu tano, zikae kwenye konti, benki initolee releve (taarifa ya konti), halafu nimrudishie. Lipi linapita? Naomba anijibu aliyepitia, si aliyesikia sokoni.

Yaya_wa_Seraing (Ubelgiji)

Mdogo wangu, hilo shauri la tatu liondoe kabisa. Releve inaonyesha tarehe. Anayesoma faili anaanza chini: imeingia 200, imetoka 180, imeingia 350, imetoka 300, halafu ghafla elfu tano, wiki mbili kabla ya ombi. Hatakupigia simu kukuuliza zimetoka wapi. Atakataa tu, na hapo hata zile dola 350 zako za halali zitakuwa zimechafuka. Tena jina la aliyetuma liko palepale kwenye releve. Kama ni yeye anayelipa, kwa nini asiseme wazi kwamba analipa?

Sasa tuhesabu. Ubelgiji ina kipimo chake cha kujikimu: yuro 45 kwa siku kwa mgeni anayelala kwa mtu, yuro 95 kwa anayelala hoteli. Kwa siku 90 ukiwa kwa mchumba ni yuro 4,050. Ukitaka kupita na makuta yako peke yako, hicho ndicho kiasi releve inapaswa kubeba, tena kiwe kimekusanyika polepole. Kwa ulivyoeleza konti yako, sioni kama utafika huko bila kuua atelye.

Ndiyo maana prise en charge ipo. Jina lake rasmi ni Annexe 3bis. Mchumba anaichukua kwenye komini (ofisi ya manispaa) anakoishi, anaijaza na kutia sahihi mbele yao, na wao wanathibitisha kwamba sahihi ni yake. Wengi wanakosea hapa: mhuri wa komini hausemi kwamba mshahara unatosha. Swali la mshahara ni la Ofisi ya Wageni kule Brussels, na wanaliamua wakati wanasoma faili yako. Kwa hiyo usipige vigelegele kwa sababu ya mhuri. Pamoja na fomu aweke fishi (hati za malipo) za mshahara za miezi mitatu ya mwisho, mkataba wa kazi, nakala ya kitambulisho na karatasi ya komini inayoonyesha nani anaishi kwenye nyumba hiyo. Akutumie fomu ya asili, si picha ya WhatsApp. Na isikae kabatini: faili iwasilishwe ndani ya miezi sita tangu komini iithibitishe.

Mwenye kutia sahihi lazima awe Mbelgiji au awe na haki ya kukaa Ubelgiji bila ukomo. Wako ni raia, hapo mko sawa. Nataja kwa ajili ya wengine wanaosoma, maana kila mwaka namwona mwanafunzi mwenye kadi ya mwaka mmoja anamwahidi msichana wa Lubumbashi prise en charge. Hawezi. Amtafute kaka au mjomba mwenye karatasi za kudumu.

Jambo la mwisho ni la mchumba, si lako. Sahihi ile inamfunga kwa miaka miwili tangu siku unapoingia. Ukilazwa hospitali na bima isilipe, ukiishiwa, ukirudishwa kwa nguvu, gharama zinaweza kudaiwa kwake. Mkigombana wiki ya tatu, sahihi haifutiki. Asome vizuri kabla hajashika kalamu.

Mzee_wa_Katuba (Lubumbashi)

Nampinga Yaya kidogo. Prise en charge inajibu swali moja tu: nani atakulisha. Swali linalowaangusha watoto wetu ni lingine: utarudi? Msichana asiye na mume, hana mtoto, ana mchumba kule, anaomba siku zote 90, kila kitu kinalipwa na mwanaume. Jiweke mahali pa ofisa. Mimi ningekaa hata mwaka, nijaze konti yangu, niende kwa jina langu. Anayejilisha mwenyewe anaonekana ana sababu ya kurudi.

Yaya_wa_Seraing

Mzee, heshima yako. Lakini makuta hayathibitishi kurudi. Mtu anaweza kuwa na elfu kumi na asirudi. Atelye ndiyo inayorudisha. Kwa hiyo mdogo wangu, usichague, beba vyote viwili kila kimoja kwa kazi yake. Prise en charge kwa gharama. Releve yako ya miezi sita, hata kama ina dola mia mbili mia tatu, iwe ushahidi kwamba biashara inapumua. Ongeza karatasi za usajili wa biashara, kodi ya serikali, mkataba wa pango la atelye, na barua yenye sahihi ya anayebaki kuisimamia. Oda za sare za shule zenye tarehe ya baada ya kurudi kwako, kama unazo, weka pia.

Mzee_wa_Katuba

Hapo sawa. Lakini aombe siku 60. Mwenye duka haliachi miezi mitatu.

Fundi_Kamalondo

Mzee umenigusa. Wateja wangu wa harusi hawangoji miezi mitatu kweli. Na siku 60 kwa 45 ni yuro 2,700, hata mshahara wa mchumba utapumua. Je, zile risiti za makuta ambayo amekuwa akinitumia tangu mwaka jana, niziweke?

Mama_Wakili (Bukavu)

Weka, lakini kwenye kurasa za uhusiano, si kwenye kurasa za kipato. Zikikaa pamoja na releve zako, utaonekana unaishi kwa mkono wake. Zikikaa pamoja na picha za familia, tiketi za safari alizokuja, na mazungumzo machache ya tarehe tofauti, zinasema nyinyi ni watu mnaojuana. Chagua chache. Sijawahi kuona faili iliyopita kwa sababu ya unene.

Na kwa wenye makuta kwenye simu: M-Pesa na Airtel Money ndiyo maisha yetu, najua, lakini usiende na picha ya skrini peke yake. Anza leo kupitisha mapato ya biashara benki, hata kidogo kidogo, ili baada ya miezi sita uwe na karatasi yenye mhuri.

Mwana_Birere (Goma)

Mama, hilo la mhuri wa benki mtuambie sisi wa Goma tulifanyeje. Benki zilifunga milango Januari 2025 mji ulipochukuliwa, na uwanja wa ndege nao ukafungwa. Kuna watu wana makuta kwenye konti na hawawezi kupata hata ukurasa mmoja wa releve. Wengine tunavuka barriere (mpaka) kwenda Gisenyi, Rwanda, kwa kila kitu. Kwangu mimi mjadala wa makuta yangu au yake haupo. Ni yake tu.

Mama_Wakili

Pole sana ndugu yangu, huku Bukavu tunajua unachosema. Fanya hivi. Kwanza, kama benki yako ina tawi Kinshasa au Lubumbashi, ndugu wa pale mwenye idhini yako ya maandishi aulize kama wanaweza kutoa releve, au wewe uombe kwa barua pepe. Konti iko kwenye mfumo wa benki, si ndani ya kuta za Goma. Pili, andika barua fupi inayoeleza kwa nini hakuna releve mpya. Bila malalamiko na bila siasa: tarehe na hali, basi.

Na kwa mnaovuka Rwanda mkifikiria kuombea viza Kigali: sheria ya Schengen inataka uombe kwenye nchi unakoishi kihalali. Ukiwa mpitaji tu, ofisa anaweza kupokea faili ukieleza sababu, lakini halazimiki. Na kwa Ubelgiji hasa, Rwanda ilikata uhusiano wa kibalozi nayo Machi 2025, kwa hiyo njia ile ya zamani ya kuombea Kigali usiipangie safari kabla hujauliza.

Mwana_Birere

Aksanti Mama. La tawi la Kinshasa sikuwa nimeliwaza.

Ndeko_Lyon (Ufaransa)

Niwape ya huku ili mlinganishe. Ufaransa wana attestation d'accueil, hati ya kumpokea mgeni nyumbani. Mwenyeji anaiomba meri (ofisi ya mji), analipa timbre (stempu ya ada), na makuta hayo hayarudi hata meri ikikataa. Tofauti kubwa na Ubelgiji: huku nyumba ndiyo inaangaliwa sana. Chumba kimoja na watoto watatu? Meri inaweza kutuma mtu kuja kuona. Ukiwa nayo, kipimo cha mgeni kinashuka hadi yuro 32.50 kwa siku, badala ya 65 ukiwa na hoteli. Lakini mgeni bado anapaswa kuonyesha anakozitoa, si kama Ubelgiji ambako mdhamini anabeba mzigo karibu wote. Mke wangu alipokuja mara ya kwanza tuliweka releve zake na zangu pamoja.

Ujerumani ndiyo kali. Wana Verpflichtungserklärung (tamko la kubeba gharama), mdhamini anatia sahihi kwenye ofisi ya wageni, na inamfunga miaka mitano. Rafiki yangu wa Köln alimpenda mtu kweli, lakini alipofika kwenye mstari huo akaomba apewe wikendi afikirie.

Dada_Manchester

Uingereza hakuna fomu ya namna hiyo wala kiasi cha kila siku. Viza ya kawaida ya mgeni ni hadi miezi sita. Mchumba anaandika barua, anaweka releve na fishi zake, na wanapima wenyewe kama inatosha na kama uhusiano ni wa kweli. Uhuru huo ni mzuri na ni mbaya, kwa sababu hujui mstari uko wapi. Halafu kila karatasi ya Kifaransa lazima iwe na tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa. Kwa faili ya Lubumbashi hapo ndipo makuta yanapokwisha, si kwenye viza.

Tantine_BelAir (Lubumbashi)

Mnahesabu yuro, mimi nahesabu kitu kingine. Kwa nini yeye asije? Tiketi moja, anakaa kwenu, mnamwandikia mwaliko unaothibitishwa, anachukua viza yetu. Mama yako atamwona anakula bukari (ugali) na samaki wa Kasenga, na huyo ofisa hana kazi.

Yaya_wa_Seraing

Tantine amesema jambo kubwa kuliko anavyodhani. Fundi, kama mwisho wa safari hii ni kuishi pamoja bila ndoa kwanza, Ubelgiji ina njia ya wenza waliosajiliwa. Wasiokuwa na mtoto pamoja, na hawajaishi pamoja mwaka mzima, wanapaswa kuthibitisha wamejuana angalau miaka miwili, wamewasiliana mara kwa mara, na wamekutana mara tatu kabla ya ombi, jumla ya siku 45 au zaidi. Siku zake za Lubumbashi zinahesabiwa pia. Kwa hiyo ziara moja ndefu ya siku 90 inajaza siku, lakini ni mkutano mmoja tu. Ziara ya siku 60 kwako, yeye aje Krismasi, na ile aliyokuja mwaka jana, hapo mnakuwa na tatu. Tunzeni mihuri ya paspoti na tiketi.

Mzee_wa_Katuba

Au waoane, waache kuhesabu.

Tantine_BelAir

Mzee lipa mahari basi 😄

Fundi_Kamalondo

Nimecheka peke yangu atelye nzima. Basi nimeamua: siku 60, prise en charge ya mchumba, releve yangu ya miezi sita jinsi ilivyo, na karatasi za atelye mbele kabisa. Ile elfu tano nimemwambia shoga azisahau. Mchumba ana miadi komini Jumanne. Swali la mwisho: bima nichukue ya siku 60 kamili?

Ndeko_Lyon

Ongeza siku kadhaa, ndege zetu mnazijua. Iwe inafunika angalau yuro 30,000 na Schengen yote, pamoja na kurudishwa nyumbani. Na siku unayotua na siku unayoondoka zote zinahesabiwa, tiketi na bima zisipingane.

Mama_Wakili

Na paspoti yako angalia leo, si siku ya miadi. Lazima ibaki na miezi mitatu baada ya tarehe ya kutoka Schengen na kurasa mbili tupu.

Fundi_Kamalondo

Inaisha mwakani mwezi wa tatu. Nimetoa hesabu, inatosha. Aksanti bandugu, anayetaka kanzu ya harusi anajua duka liko wapi.