Tupeane uzoefu: kuvuka kwenda Kilwa Kisiwani na Songo Songo kwa nauli ya kuungaunga

Korosho Chungu: Wakuu, jana stendi ya Lindi nimemsikia konda anaita "Nangurukuru, Nangurukuru!" nikakumbuka mbali. 2017 nilishushwa pale njia panda kiza kimeingia, Hiace za Kilwa Masoko zimekwisha, mfukoni elfu ishirini na tano. Nililala kwenye benchi la mama ntilie. Asubuhi nafika gatini naambiwa boti ya kukodi elfu arobaini, na Kisiwani chenyewe nakiona kwa macho pale ng'ambo! Nikajikalia kivulini. Wakaja akina mama na madumu na unga wao, nikaingia nao. Elfu moja tu. Nyie mlivukaje?

Pweza Mkavu: Ndiyo siri. Usitamke neno "kukodi". Uliza chombo cha abiria kinajaa saa ngapi, kaa, nyamaza.

Kangomba: Elfu moja labda ngalawa ya babu yako. Mimi walinila elfu tano.

Korosho Chungu: Ulivaa kofia ya kitalii na miwani, ulitegemea nini?

Kangomba: Nilivaa kanzu, mkuu.

Binti Matumbi: Kisiwani ni kuvuka mkondo tu, nyie mnadeka. Mimi nilipangiwa kufundisha Songo Songo, nikaripoti mwezi wa saba, upepo wa kusi umekaza. Chombo cha bei ya chini kilikuwa mashua ya mizigo: magunia ya unga, kreti za soda, mbuzi wawili, na godoro la tano kwa sita la bwana harusi, limefungwa nailoni. Nahodha akanikalisha juu yake, "mwalimu ukae pazuri." Katikati ya maji injini ikakohoa, ikazima. Baharia akavuta kamba mpaka kiganja kikachubuka. Mashua ikageuka ubavu, kila wimbi linatumwagia ndani. Nikakabidhiwa kidumu cha mafuta ya kula kilichokatwa shingo: "Mwalimu, fua maji." Nikafua. Mbuzi naye anaongezea yake. Nahodha akachomoa plagi, nyeusi tii, akaomba upindo wa kanga yangu, akaifuta, akaipuliza, akanyonya petroli kwenye mpira, akatema. Maboya? Yalikuwepo manne, yamefungwa pamoja, mbuzi kayalalia. Mtu akasema tupunguze mzigo. Wote tukatazama godoro.

Injini iliwaka mara ya kumi na kitu. Tukafika maji yamekupwa, tukatembea matopeni viatu mkononi. Usiku naziona taa za mitambo ya gesi. Gesi inavuka bahari ile ile kwa bomba hadi Somanga tangu 2004, haijawahi kushikishwa kidumu.

Pweza Mkavu: Pole mwalimu. Godoro lilifika?

Nahodha Mstaafu: Huyo hakuwa nahodha. Wakati wa kusi unaondoka alfajiri, upepo bado umelala. Na mashua ya injini isiyo na tanga la akiba usipande hata ukibebwa bure.

Kangomba: Shikamoo babu, lakini alfajiri mimi ndiyo niliyokwama. Ondokeni mchana, maji yamejaa.

Nahodha Mstaafu: Marahaba. Maji yanajaa mchana kila siku? Nani kakufundisha bahari, mwanangu?

Mama Wawili Singino: Tusisahau kibali cha kuona magofu ya Kisiwani, kateni Masoko kabla ya kuvuka. Ule ni urithi wa dunia tangu 1981, si shamba la mjomba.

Kangomba: Yule msafiri wa kale Ibn Battuta alishuka pale 1331. Sijui naye walimtoza elfu tano.

Korosho Chungu: Bado una kinyongo? Mwalimu, tujibu basi, godoro vipi?

Mzee wa Ndundu: Nyie watoto wa Daraja la Mkapa. Kabla ya 2003 kisiwa kilikuwa kusini yote, Kilwa, Lindi, mpaka Mtwara. Tulilala Ndundu kusubiri pantoni la Rufiji, mbu wanauma mpaka kwenye kope. 2024 barabara ilipokatika Somanga baada ya Kimbunga Hidaya, nikawaambia wajukuu: karibuni kisiwani.

Mama Wawili Singino: 😂 Nilikuwa ng'ambo ya Somanga siku zile na ndoo ya samaki. Nisingependa kueleza harufu.

Binti Matumbi: Samahani, nilikuwa darasani. Lilifika. Lililowa upande mmoja, bwana harusi akaligeuza.

Pweza Mkavu: Na mbuzi?